Kusasisha Debian kwenye maabara ya mashine 22 kumenichosha, wakuu naombeni mawazo

mwl_maabara | Jumamosi, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari huku Nyanda za Juu Kusini. Maabara yetu ina mashine 22, zote mitumba iliyokuja kama msaada. Nyingi zina RAM ya GB 4, na tatu ni za kale kabisa, za biti 32. Miaka mitatu iliyopita nilizifuta zote nikaweka Debian 11, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, na sijajuta hata siku moja. Virusi vya flashi vilivyokuwa vinameza kazi za wanafunzi viliisha, na hakuna anayetudai leseni. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna atakayeniambia nirudi kwenye mfumo wa leseni nilikotoka. Sirudi.

Shida yangu ni kusasisha. Leo nimetoka maabara nimefunga mlango, sina hamu ya kugusa kitu.

Debian 11 ilitoka Agosti 2021. Timu ya kawaida ya usalama iliikabidhi kwa timu ya LTS (huduma ya muda mrefu) mwaka 2024, na huduma hiyo ya LTS mwisho wake ni Agosti 2026. Kwa hiyo likizo hii nikasema nipandishe mashine zote kwenda Debian 12. Nikafungua /etc/apt/sources.list, orodha ya maghala ya kupakulia, kila palipoandikwa bullseye (jina la 11) nikaandika bookworm (la 12), nikapiga `apt update`, kisha `apt full-upgrade`. Mashine ya kwanza ikaomba kupakua zaidi ya GB 1. Nikanunua bando la usiku kwa hela yangu, nikakesha nayo, na saa 11 alfajiri ikawaka ikiwa na Debian 12. Safi kabisa.

Hapo nikapiga hesabu: pakeji, yaani mafaili ya programu, zimeshapakuliwa, nitazibeba kwa flashi nizipeleke kwenye mashine zilizobaki. Nikaingia /var/cache/apt/archives. Tupu! Hakuna faili hata moja la .deb. GB nzima niliyoikeshea imefutwa, na wala sikuagiza ifutwe.

Nikaanza kupakua upya, mashine moja moja. Ya sita ikiwa katikati ya kusakinisha, umeme ukakatika. Hatuna UPS. Uliporudi, mashine ikaishia kwenye skrini nyeusi yenye maneno "kernel panic", inadai haioni diski. Mashine mbili nyingine zimegoma tangu `apt update`: zinasema faili la Release (orodha iliyosainiwa ya yaliyomo) la ghala bado halijawa halali, eti litakuwa halali baada ya siku 143. Nimebadilisha ghala, nimebadilisha waya, wapi. Na hata zile zilizofanikiwa zinanitolea ujumbe kuhusu kitu kinaitwa non-free-firmware ambacho sikielewi.

Mfumo huu tunausifia kuwa ni wa kila mtu, na mimi nausifia darasani. Lakini kusasisha kwake kunamtaka mtu awe na umeme usiokatika na intaneti isiyopimwa kwa megabaiti. Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili, na Kidato cha Nne wanaanza mazoezi ya mtihani wa vitendo. Wenye uzoefu, huko kwenu mnafanyaje?

fundi_mbuyuni | Jumamosi, saa 4:05 usiku

Pole sana mwalimu. Hilo la archives liliwahi kuniuma na mimi.

`apt` na `apt-get`, amri za kupakua na kusakinisha pakeji, si kitu kimoja, ingawa watu huzitumia kama pacha. `apt-get` huacha faili za .deb pale pale mpaka wewe mwenyewe upige `apt-get clean`. `apt` hufuta ilichopakua mara tu usakinishaji unapokwisha salama. Waliopanga hivyo walifikiria diski isijae. Kwetu diski ina nafasi tele, kinachouma ni bando. Tengeneza faili lolote ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ uandike mstari huu:

`Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";`

Au tumia `apt-get` siku zote na usahau habari hii.

kaskazi_net | Jumamosi, saa 5:20 usiku

Mwalimu, heshima yako. Nakwenda moja moja, na naanza na mashine iliyokufa, maana haijafa.

Umeme ulikatika wakati pakeji zimeshafunguliwa lakini hazijamaliza kupangwa. Kerneli (kiini cha mfumo) mpya ya 6.1 ilishawekwa kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuwashia mashine, ila faili lake la initrd, lile linalosaidia kerneli kuiona diski, halikuwahi kutengenezwa. Ndiyo maana inalalamika. Kerneli ya zamani ya 5.10 bado ipo. Washa mashine, kwenye menyu ya GRUB chagua "Advanced options", halafu ile ya 5.10. Ikiwaka, hata kama ni kwa maandishi matupu bila madirisha, ingia kama root (msimamizi) upige:

`dpkg --configure -a`
`apt --fix-broken install`
`update-initramfs -u -k all`

Amri ya kwanza ndiyo ya kuishika. dpkg huandika kila hatua inayofanya, inajua pakeji ipi imeishia wapi, na hapo inaendelea ilipoachia. Ukiona pakeji fulani inalalamika kuwa faili lake ni tupu, isakinishe tena kwa `apt install --reinstall`. Usianze kufuta vitu kwa hasira. Mashine nyingi nilizoletewa zikiwa zimeshindikana ziliharibiwa na mwenyewe baada ya umeme kurudi, umeme haukuwa na kosa kubwa.

Hizo mbili zinazosema siku 143: piga `date`. Naweka shilingi yangu hapo kwamba tarehe iko nyuma miezi minne na ushee. Betri ya mazabodi imekwisha, ile ya duara CR2032. Mfumo hujaribu kurekebisha saa kwa kuuliza seva za muda kwenye intaneti kupitia mlango wa 123 wa UDP, na ruta nyingi za shule na ofisi huufunga mlango huo. Faili la Release limetiwa saini ya juzi, saa ya mashine inasema juzi haijafika, apt inakataa. Kwa sasa rekebisha kwa mkono na `date -s`, kisha `hwclock -w`. Kesho nunua betri.

Ujumbe wa non-free-firmware usiupuuze. Mpaka Debian 11, femuwea (programu ndogo za ndani ya vifaa) za wifi, kadi za picha na nyinginezo zilikaa kwenye sehemu ya ghala iitwayo non-free. Kuanzia Debian 12 zimehamishiwa sehemu yake peke yake. Ukibadilisha jina la toleo tu bila kuongeza sehemu hiyo, mashine itaendelea kuwaka na wifi itashika, ila femuwea itabaki ile ya zamani na haitapata marekebisho tena. Mstari uwe hivi:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware`

Na ule wa usalama nao uuongezee hivyo hivyo.

La bando ndilo kubwa. Nitaandika kesho, nimechoka.

dogo_tech | Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Mwalimu shikamoo. Mimi nashauri uachane na Debian. Weka Arch, Linux nyingine. Hakuna mambo ya kupanda kutoka toleo la 11 kwenda la 12, unasasisha kidogo kidogo kila siku na kila pakeji ni mpya. Debian pakeji zake ni za zamani, na pakeji ya zamani ni hatari kiusalama.

mama_seva | Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Dogo, marahaba kwa niaba ya mwalimu. Ila hapo mwisho nataka tuelewane, kwa sababu hoja hiyo imenigharimu mabishano ya wiki nzima na mkaguzi wa mifumo.

Mimi niko Mombasa, naangalia seva za kampuni moja ya mizigo. Mkaguzi aliendesha programu yake ya kupekua, ikatoa ripoti nyekundu kuhusu OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali: yenu ni 9.2, ina tundu lililotangazwa Julai 2024, pandeni mpaka 9.8 mara moja. Tundu lenyewe ni CVE-2024-6387 (namba yake kwenye orodha ya matundu ya usalama) na ni la kweli, si la kuchezea. Lakini Debian 12 haipandishi namba. Wao huchukua kile kiraka kinachoziba tundu, wakakishona kwenye 9.2 ile ile, na pakeji ikatoka ikiitwa 1:9.2p1-2+deb12u3. Huo mkia wa deb12u3 ndio habari yote. Programu ya mkaguzi ilisoma 9.2 ikaishia hapo. Nilimfungulia `apt changelog openssh-server`, nikamwonyesha mstari wenye namba ya CVE, akafuta dosari.

Kwa hiyo namba ya zamani si lazima iwe pakeji ya hatari. Toleo hubaki lile lile ili tabia ya programu isibadilike chini ya miguu ya watu, na matundu yanazibwa humo humo.

kaskazi_net | Jumapili, saa 3:30 asubuhi

Naongezea kwa dogo, na si kwa kukukataza Arch, naijua na naipenda kwenye laptopu yangu. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft na mmoja wa wanaoiendeleza programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba xz 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana mafaili, zimefichwa mlango wa nyuma. Aligundua kwa sababu kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kulichelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka akafika chini. Wakati huo pakeji hizo zilikuwa zimeshaingia Debian testing na unstable, na Fedora Rawhide, yaani matoleo ya majaribio. Debian stable, ile ya kawaida tunayotumia, hazikufika. Waliokuwa wanakimbilia upya ndio waliozipata.

Halafu fikiria maabara ya mwalimu. Arch inataka usasishe mara kwa mara, na usasishe vyote kwa pamoja, ukisasisha nusu unavunja. Mashine 22, kila wiki, kwa bando la mwalimu?

dogo_tech | Jumapili, saa 3:52 asubuhi

Nimeelewa wakuu. Hilo la mkia wa deb12u3 sikulijua kabisa, nimejifunza. Nilikuwa naangalia namba tu.

kaskazi_net | Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Sasa bando. Mwalimu, usipakue mara 22. Chukua mashine moja yenye diski kubwa, tuseme yako, uipe anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10, kisha weka:

`apt install apt-cacher-ng`

Kwenye mashine nyingine zote, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, weka faili uliite 00proksi lenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Basi. Mwanafunzi wa kwanza akiomba pakeji, mashine yako inaipakua kutoka nje na kuihifadhi. Wa pili mpaka wa ishirini na mbili wanaipata ndani ya maabara kwa kasi ya waya, bila kugusa bando. Ghala liwe la http, si https, kwa sababu la https halihifadhiwi. Wengine huogopa wakisikia http. Usalama wa pakeji haumo kwenye kufuli la kivinjari, umo kwenye saini ya faili la Release na alama za kila pakeji zilizoorodheshwa kutokana nalo. Mtu akibadilisha hata herufi moja njiani, apt inakataa kusakinisha.

Pili, tenganisha kupakua na kusakinisha. Hili ndilo ningependa kila mtu wa huku kwetu alijue. Usiku wa bando:

`apt-get dist-upgrade --download-only`

Inapakua kila kitu na kusimama. Umeme ukikatika hapo, hakuna kinachoharibika, unaendelea kesho. Halafu mchana, umeme ukiwa umetulia, unasakinisha bila hata kuhitaji intaneti. Ile saa nzima ya hatari inashuka mpaka dakika chache kwa kila mashine, na unaichagua wewe.

Na kabla ya full-upgrade, tanguliza `apt upgrade --without-new-pkgs`. Maelezo rasmi ya toleo yanasema hivyo na wengi tunaruka. Hatua hiyo inapandisha zile zinazoweza kupanda bila kung'oa kitu, ndipo ile kubwa inakuja kumalizia.

mama_seva | Jumapili, saa 6:40 mchana

Mwalimu, nakuongezea la maswali yanayotokea katikati, kwa sababu ndilo lililonitesa mimi.

Nilipandisha seva kutoka 11 kwenda 12 kwa mbali, kupitia SSH. Katikati ikatokea chaguo: faili la sshd_config umelibadilisha, je uweke la mtengenezaji wa pakeji au ubaki na lako? Nilikuwa nimechoka, nikasoma "la mtengenezaji" nikaona ndilo sahihi. Kumbe ndani ya faili langu nilikuwa nimehamisha mlango wa SSH kutoka 22, na ukuta wa mtandao ulikuwa umefunga 22. Dakika chache baadaye stima ikapotea ofisini, uhusiano ukakatika, na sikuweza kurudi ndani. Usakinishaji umeishia katikati, seva iko mji mwingine, wateja wanapiga simu. Ilibidi mtu aende na skrini na kibodi mpaka ilipo. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Tangu hapo sifanyi kazi hii bila `tmux`. Ukikatika, kazi inaendelea kule kule, unarudi na `tmux attach`. Kila swali linalohusu faili ulilowahi kulihariri, jibu ni kubaki na lako. Ukitaka kujua tofauti, D inakuonyesha. Baadaye unatafuta yaliyoachwa pembeni:

`find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'`

Unalinganisha kwa utulivu, ukiwa umekunywa chai.

mgeni_ubuntu | Jumapili, saa 10:20 jioni

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina Ubuntu 23.10, kila nikipiga apt update napata 404 kwenye kila mstari. Nimeambiwa nifute nianze upya. Ni kweli?

fundi_mbuyuni | Jumapili, saa 10:45 jioni

Usifute. Namba ya Ubuntu ni mwaka na mwezi: 23.10 ni Oktoba 2023. Si LTS, na zisizo LTS huhudumiwa miezi 9 tu, yako iliisha Julai 2024. Baada ya hapo pakeji zake huondolewa kwenye ghala la kawaida na kuhamishiwa old-releases.ubuntu.com. Kwenye sources.list badilisha archive.ubuntu.com na security.ubuntu.com ziwe old-releases.ubuntu.com, sasisha, kisha piga `do-release-upgrade` uende 24.04. Hiyo ni LTS, ina miaka 5. Ukifika, kaa hapo.

Na kama unatumia intaneti ya simu, piga `snap set system refresh.metered=hold`. Pakeji za snap, aina nyingine ya pakeji za Ubuntu, huangalia masasisho zenyewe mara nne kwa siku. Amri hiyo inazizuia pale muunganisho wako unapotambuliwa kuwa wa kupimwa.

mwl_maabara | Jumatano, saa 1:30 usiku

Wakuu, nimerudi na majibu. Sikuandika kwa sababu nilikuwa maabara toka asubuhi mpaka usiku siku zote tatu.

Mashine ya sita imefufuka. Niliingia kwa 5.10, `dpkg --configure -a` ikatembea kama dakika ishirini, pakeji moja ya fonti ikagoma, nikaisakinisha upya, ikaisha. Wanafunzi wawili wanaokaa karibu na shule walikuja kunisaidia, nikawaachia wao wapige amri, mimi nikawa nasoma ujumbe kwa sauti. Ilipowaka walishangilia.

Zile mbili za siku 143, kaskazi_net ulipatia: tarehe ilikuwa nyuma miezi minne na nusu. Betri nimepata mjini, mzee wa duka la saa. Ruta yetu kweli imefunga mlango wa 123, na mwenye nywila yake alihama shule. Hilo nalishughulikia na mkuu wa shule.

apt-cacher-ng ndiyo iliyonipa usingizi. Niliiweka kwenye mashine yangu, nikapakua mara moja usiku wa Jumapili. Jumatatu nikasakinisha nne kwa wakati mmoja, Jumanne sita. Nilifungua ukurasa wake wa ripoti kwenye mlango wa 3142 nikaona karibu kila ombi limejibiwa kutoka ndani. Bando lililokuwa linaisha kwa mashine moja limetosha maabara. Umeme ulikatika Jumanne saa 8 mchana, lakini mashine tatu zilikuwa zimemaliza na nyingine tatu zilikuwa bado hazijaanza kusakinisha. Hakuna kilichoumia.

Bado naamini haya yangetakiwa kuwa wazi kwa mtu anayeanza. Nimesoma maelezo rasmi ya toleo, yote yamo, lakini ni marefu na ni ya Kiingereza, na mwalimu wa shule ya jirani hatayafikia. Nimeanza kuyaandika kwa Kiswahili kurasa mbili, tatu, kwa ajili ya walimu wa wilaya yetu. Nikimaliza nitayaweka hapa mnikosoe.

Swali la mwisho: zile tatu za biti 32. Nikishazifikisha 12, naweza kuzipeleka 13 baadaye?

kaskazi_net | Jumatano, saa 2:05 usiku

Hongera sana mwalimu. Kwa hizo tatu, hapana. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kerneli wala kisakinishi cha i386 (biti 32). 12 ndiyo kituo chao cha mwisho kwa Debian. Kwanza hakikisha ni kweli za biti 32: piga `lscpu`, uangalie mstari wa "CPU op-mode". Mashine nyingi za mitumba zina prosesa ya biti 64 ila aliyezisakinisha mwanzo aliweka mfumo wa 32. Zikiwa hivyo, unazisakinisha upya kwa amd64 (biti 64) na zinaendelea na wenzao.

mwl_maabara | Alhamisi, saa 4:15 asubuhi

Nimepima. Mbili ni za biti 64, zilikuwa zimewekewa mfumo wa 32 bure miaka yote hii. Moja ni ya 32 kweli. Hiyo nimeichomoa kwenye mtandao, itabaki na 12 kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kujifunzia kuchapa.

Sasa hivi niko kwenye mashine ya 17. Zimebaki tano, na bando lipo.